Neno "Neg" kwenye kadi yangu ya kliniki

Kadi yangu ya kliniki ya mwaka 2019 bado ninayo. Imechanika kwenye mikunjo na kona moja imeliwa na mende, lakini maandishi yanasomeka. Sehemu ya vipimo nesi aliandika kwa kalamu ya bluu, mstari kwa mstari. Kaswende, Neg. Malaria, Neg. VVU, Neg. Kundi la damu O, na mbele yake Rh, Neg. Nilitoka pale na furaha yangu yote. Nikampigia simu mume wangu, wakati huo alikuwa Urambo kwenye tumbaku, nikamwambia vipimo vyote vimetoka hasi. Akasema, "Alhamdulillahi, mke wangu."

Ile Neg ya nne, ya Rh, yaani alama nyingine ya aina ya damu, haikuwa ya kufurahia. Wala haikuwa ugonjwa. Ilikuwa ni jambo la kuulizia siku ile ile, na hakuna aliyenieleza, nami sikuuliza. Nimeandika haya kwa ajili ya mama mwingine ambaye sasa hivi, popote alipo, ameshika kadi yake na hajui kwamba kwenye mstari huo hasi haina maana sawa na mistari mingine.

Nianzie nyuma kidogo, maana kosa la kwanza halikuwa la nesi. Lilikuwa langu.

Niliolewa mwaka 2016 hapa Tabora mjini, Ng'ambo. Mwaka uliofuata nilipata ujauzito ukaharibika ukiwa na miezi minne. Ilitokea usiku, nyumbani. Mama mkwe wangu alinichemshia dawa za mizizi, akanikanda, damu ikakata siku ya tatu. Hospitali hatukwenda. Alinihurumia kweli yule mama, sina la kumlaumu. Aliniambia, "Mwanangu, hili tulifukie humu humu ndani, watu wasije wakakusema." Tukalifukia. Hata dada zangu sikuwaambia.

Miaka miwili baadaye, kwenye kliniki, nesi aliniuliza, "Hii mimba ya ngapi, mama?" Nikajibu ya kwanza. Mama mkwe alikuwa amekaa benchi la nyuma yangu na mlango uko wazi. Nesi akaandika 1.

Kama ningesema ya pili, pengine naye angeshtuka. Pengine asingeshtuka, siwezi kujua. Ninachojua ni kwamba kwa mwanamke mwenye damu hasi, mimba iliyoharibika inahesabiwa. Mwili wake umeihesabu hata kama mdomo wake haukuitaja.

Jambo lenyewe nilikuja kulielewa mwaka 2021 Mwanza, pale daktari alipogeuza fomu ya maabara akanichorea nyuma yake. Alichora duara akaliwekea vidoto pembeni. "Hii ni chembe nyekundu ya damu ya baba," akasema. "Hivi vidoto vinaitwa D. Watu wengi wanavyo, ndiyo tunasema Rh chanya. Wewe, mama, huna." Akachora duara jingine tupu. "Huumwi. Umezaliwa hivyo. Ila mtoto akirithi vidoto vya baba yake, na damu yake ikaingia kwako, mwili wako unaviona ni vigeni. Unatengeneza askari wa kuviua. Askari hao tunawaita kingamwili, na wakishatengenezwa hawasahau maisha yako yote."

Damu ya mtoto haichanganyiki na ya mama ovyo ovyo wakati wa ujauzito. Inaingia zaidi siku ya kujifungua, au mimba ikiharibika, au mama akitoka damu, au akianguka na kuumia tumbo. Ndiyo maana mtoto wa kwanza mara nyingi husalimika: askari wanatengenezwa yeye akiwa ameshatoka. Anayekutana nao ni anayefuata. Wana uwezo wa kuvuka kondo la nyuma, wanaingia kwa mtoto na kuanza kuvunja chembe zake nyekundu akiwa bado tumboni. Damu inampungua. Ikipungua sana mwili unavimba na moyo unashindwa. Na chembe zinapovunjika hutoa kitu cha manjano kinachoitwa bilirubini. Mtoto akiwa tumboni, mama ndiye anayemsafishia hiyo bilirubini. Akishazaliwa yuko peke yake, na ini lake ni changa.

Nilipomaliza kumsikiliza nikamwambia habari ya 2017. Ilikuwa mara ya pili tu kuitamka mbele ya mtu asiye wa familia. Aliweka kalamu chini akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi hapo ndipo walipoanzia."

Binti yangu alizaliwa Novemba 2019, kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja. Kilo 2.9. Alilia vizuri. Maji yaliyotoka naye yalikuwa na rangi ya manjano na mkunga alilisema hilo kwa sauti, lakini halikufuatiwa. Jioni ya siku ile ile macho yake yalikuwa yameanza kuwa ya njano. Nilimwonyesha dada wa zamu, akaniambia ni kawaida, watoto wengi wanapata, nikifika nyumbani nimwanike jua la asubuhi. Kesho yake tukaruhusiwa.

Hapa nawaomba msome polepole. Ni kweli watoto wengi huwa njano, lakini huanza siku ya pili au ya tatu. Manjano yanayoonekana kabla mtoto hajatimiza saa 24 tangu azaliwe si ya kawaida hata siku moja, na jua halitayamaliza. Huyo ni wa kupimwa damu siku hiyo hiyo. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi usiangalie mwili, utadanganyika. Angalia weupe wa macho. Angalia ufizi. Mbonyeze kwa kidole kwenye paji la uso au kifuani, achia, tazama rangi inayobaki kabla damu haijarudi. Fanya hivyo nje kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa ya chumbani.

Mama mkwe alimpa jina la Nyamizi. Asubuhi ya siku ya pili na ya tatu alimkalisha naye chini ya mwembe wetu, pale ambapo jua linapenya, amemvua nguo zote, anamwimbia Kinyamwezi taratibu. Siku ya tatu mchana mtoto aliacha kunyonya. Jioni akaanza kulia sauti nyembamba ya juu ambayo mpaka leo nikisikia paka usiku nainuka kitandani. Kisha akawa anajikunja mgongo kwa nyuma, kichwa kinavutwa, mikono migumu. Nyumbani wakasema degedege. Tukamtafuta mzee wa dawa, tukapoteza usiku mzima. Hospitali kubwa tulifika asubuhi saa 1. Walituhangaikia sana, Mungu awalipe, lakini bilirubini ilikuwa imeshafika kwenye ubongo. Saa 11 jioni Nyamizi akaenda zake. Aliishi siku nne.

Baada ya arobaini ndipo maneno yalipoanza. Wifi yangu alisikia kutoka kwa mtu kwamba tatizo ni damu, akaja nalo nyumbani hivi: "Damu zenu hazipatani." Neno hilo lilizunguka ukoo mzima. Kwa watu wetu damu kutopatana ni nyota mbaya, ni ndoa isiyo na baraka, ni dalili kwamba mmoja wenu ana kitu. Mume wangu alirudi Urambo akakaa miezi mitatu bila kuja, na aliporudi aliniambia ukweli: alikuwa ameshauriwa aniache, na alikuwa amefikiria. Nilimshukuru kwa kunieleza. Nililia, lakini nilimshukuru.

Kuna mkanganyiko mwingine nimekutana nao mara nyingi. Watu wanachanganya hili na selimundu. Selimundu inahusu umbo la chembe za damu, na mtoto huipata kwa kurithi kutoka kwa baba na mama wote wawili. Kundi la damu ni jambo jingine kabisa, na kipimo chake ni kingine. Mtu anaweza kuwa O hasi asiwe na selimundu hata chembe, na wachumba wanaweza kupima selimundu wakaambiwa wako salama, huku bibi arusi ana damu hasi na hajui. Mkienda kupima kabla ya ndoa, ombeni vyote viwili.

Kosa jingine lilitugharimu fedha. Mapema 2021 nilipopata ujauzito tena, muuza duka la dawa alituambia ipo sindano ya watu wenye damu hasi, inaitwa anti-D. Alisema kweli, ipo. Tukauza gunia mbili za mchele tuliokuwa tumeuweka, tukainunua kwa shilingi 180,000. Tuliihifadhi siku tano kwenye friji la jirani anayeuza soda, umeme unakatika na kurudi. Nikachomwa kwenye zahanati moja. Usiku ule nililala usingizi ambao sikuwahi kuupata tangu Nyamizi afariki.

Sindano ile haikunisaidia kitu. Anti-D ni chandarua, si dawa ya malaria. Kazi yake ni kuziwahi zile chembe za mtoto zilizoingia kwa mama na kuziondoa kabla mwili haujazitambua. Ukichomwa kabla askari hawajatengenezwa, umesalimika. Wakishakuwepo, hakuna sindano ya anti-D itakayowaondoa. Na kujua kama wapo au hawapo ni kipimo kimoja cha damu, kinaitwa kipimo cha Coombs, jina la mtafiti Mwingereza aliyekitoa na wenzake mwaka 1945. Mimi nilichomwa bila kupimwa. Nilipopimwa Mwanza kilitoka chanya, tena kwa kiwango cha 1 kwa 64, yaani askari walikuwa wengi. Kwa hiyo kabla hujauza hata kuku, pima Coombs. Ikiwa hasi, tafuta sindano kwa nguvu zote: moja wiki ya 28, nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua kama mtoto ametoka na damu chanya. Na ndani ya saa 72 hizo hizo mimba ikiharibika au ukitoka damu. Ihifadhiwe kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, isigande. Ikiwa Coombs ni chanya, hela ya sindano iwe nauli.

Nauli yetu ilikuwa ya Mwanza. Basi linaondoka Tabora alfajiri, Nzega, Tinde, Shinyanga, na tumbo langu lilikuwa la wiki 18 nilipopanda mara ya kwanza. Nilikuwa na barua ya rufaa kutoka kwa daktari kijana hapa Tabora, ambaye ndiye mtu wa kwanza kuniuliza peke yangu, mlango umefungwa, mimba zote nilizowahi kuzibeba. Kule nilifikia kwa mama mdogo, Igoma.

Kule ndiko nilikoona jinsi mtoto anavyopimwa damu bila kuguswa. Daktari alipaka ile jeli ya baridi, akatafuta kichwa cha mtoto kwenye ultrasaundi, akatafuta mshipa mmoja wa ubongo. Ukapatikana, ukawaka mwekundu na bluu kwenye kioo kama mto mdogo unaopinda. Akabonyeza, tukasikia: fyu, fyu, fyu. "Napima mwendo," akasema. "Damu ikiwa chache inakuwa nyepesi, na damu nyepesi inakimbia." Akaandika namba, akaipima na ya wiki zangu kwenye jedwali. Ikifika mara moja na nusu ya kawaida, mtoto ameishiwa damu kweli kweli. Kipimo hiki kilithibitishwa na utafiti uliochapishwa mwaka 2000. Zamani ilibidi wachome sindano tumboni wavute maji ya uzazi wayapime unjano wake, kila mara, na kila sindano ilikuwa na hatari yake. Njia hiyo ya maji aliieleza daktari William Liley wa New Zealand mwaka 1961, na mwaka 1963 huyo huyo Liley, Auckland, alikuwa wa kwanza kufanikiwa kumwongezea damu mtoto akiwa ndani ya tumbo la mama yake. Nilipohadithiwa hilo niliweka mkono tumboni. Mwaka 1963! Bibi yangu alikuwa bado anazaa.

Tulikwenda hivyo kila baada ya wiki mbili, halafu kila wiki. Nilipofika wiki 28 nilihamia Igoma moja kwa moja. Gharama nitazisema wazi kwa sababu watu huniuliza na huwa wanaona aibu kuuliza. Nauli, ultrasaundi, vipimo vya maabara, chakula cha kwa mama mdogo ambaye naye hana kazi, kitanda cha hospitali, upasuaji, vifaa vya mtoto: milioni mbili na laki tatu kwa jumla. Tuliuza mbuzi sita na cherehani yangu ya pili. Anayeanza safari hii na aweke akiba tangu wiki ya kwanza, kidogo kidogo, na aulize ustawi wa jamii wa hospitali mapema. Mimi niliuliza mwisho kabisa, nikiwa sina hata ya uji.

Wakati tunasubiri, daktari alimpima mume wangu. Kama baba naye ni hasi, watoto wote ni hasi na hakuna vita. Kama ni chanya, kuna wanaobeba vidoto kutoka kwa mzazi mmoja tu, hao kila mimba ina nafasi nusu kwa nusu ya mtoto kuwa hasi. Kuna waliobeba kutoka kwa wazazi wote wawili, na hao kila mtoto atakuwa chanya. Mume wangu ni chanya. Aliposikia kwamba ni vidoto vyake vinavyoshambuliwa na si mkosi wangu, alikaa kwenye ile benchi ya nje akafunika uso kwa kofia yake.

Nchi nyingine hawahitaji hata kukisia. Mwaka 1997 Dennis Lo na wenzake walionyesha kwamba vipande vya vinasaba vya mtoto vinaelea kwenye damu ya mama yake mjamzito, na mwaka uliofuata ikaonekana vinaweza kusomwa kujua kama mtoto ni chanya au hasi. Denmark na Uholanzi wanafanya hivyo kwa wajawazito wote wenye damu hasi, kwa kuchukua damu mkononi mwa mama tu. Na kuna dawa mpya, nipocalimab, inayojaribu kuwazuia wale askari wasivuke kondo. Katika jaribio dogo lililochapishwa mwaka 2024 walikuwepo kina mama 13 wa hali mbaya sana, na 7 kati yao walifikisha wiki 32 au zaidi, watoto wakazaliwa hai bila kuongezewa damu tumboni. Ni wachache na utafiti unaendelea. Lakini nilipoisoma habari hiyo kwenye simu nilimtumia mume wangu usiku ule ule. Natamani dawa kama hizo zikifika, zifike na Tabora, zisiishie miji mikubwa.

Wiki ya 34 namba ilipanda ghafla. Daktari akasema kumwongezea damu tumboni kunahitaji mikono iliyozoea na vifaa, na kwa umri aliofika mtoto, ni salama zaidi kumtoa na kumtibu nje. Nikachomwa deksamethasoni ya kukomaza mapafu ya mtoto. Upasuaji ukapangwa Alhamisi.

Kilichobaki ni damu. Ya kumbadilishia kichanga inatakiwa iwe hasi, ipimwe na damu ya mama isikataane, tena iwe ya siku chache, si iliyokaa benki mwezi. Na watu wa damu hasi kwetu ni wachache sana. Daktari akaniuliza, "Una ndugu wangapi wa tumbo moja?" Ndipo nilipojifunza kwamba mwenye damu hasi aanze kuwatafuta wenzake nyumbani kwao. Nilipiga simu Tabora, ndugu zangu wakaenda kupima pale kwenye kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Magharibi. Mdogo wangu wa kiume, O hasi. Mdogo wangu wa kike, O hasi. Mama yetu mzazi, O hasi.

Hapo nilikaa chini. Mama yangu alizaa watoto wanane. Kati yangu na hao wadogo zangu walikuwepo watatu waliokufa wachanga, na tangu utoto tulisikia kwamba walikufa wa manjano, kwamba kuna mtu alimfungia mama kizazi. Wafu hawapimwi, siwezi kuapa. Lakini waliosalimika baada yao ni hao wawili, wote hasi, ambao askari wa mama hawakuwa na cha kupiga. Mama nilipomweleza kwenye simu hakusema neno kwa muda, nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Basi yule mwanamke niliyemnunia miaka thelathini hakuwa na kosa."

Mdogo wangu wa kiume alipanda basi usiku huo huo akachangia Mwanza. Chupa aliyotumiwa mwanangu ilikuwa ya nani, sikuambiwa, na ndivyo inavyotakiwa.

Mihayo alizaliwa na kilo 2.3, mweupe mdomoni kama aliyekula chaki. Walichukua damu kwenye kitovu palepale. Hb yake, yaani wingi wa damu, ilikuwa 9. Saa sita baadaye bilirubini ilikuwa inapanda kwa kasi, wakaamua kumbadilisha damu. Niliomba nisimame nje ya kioo, na nesi mmoja mama mtu mzima akaniruhusu. Waliingiza mpira mwembamba kwenye kitovu. Daktari anavuta damu mililita kumi na bomba la sindano, anaitupa, anasukuma mililita kumi mpya, polepole. Yule nesi ana karatasi na kalamu, kila mzunguko anasema kwa sauti, "Imetoka kumi. Imeingia kumi. Jumla sabini." Anapiga alama. "Imetoka kumi. Imeingia kumi. Jumla themanini." Zaidi ya saa mbili. Zilipofika mia tatu na sabini daktari akanyoosha mgongo. Midomo ya Mihayo ilikuwa na rangi.

Kisha siku tano chini ya taa za bluu, macho yamefungwa kitambaa. Watu waliniambia nisimnyonyeshe, maziwa yangu yana sumu ileile. Si kweli, mnyonyeshe. Kingamwili za kwenye maziwa hazimdhuru, na mtoto anayenyonya anajisaidia vizuri, na hiyo ndiyo njia unjano unayotumia kutoka mwilini.

Nilidhani yameisha. Hili ndilo kosa la mwisho, na liliniponyoka hata baada ya yote niliyopitia. Askari wangu waliokuwa wamebaki mwilini mwake waliendelea kuvunja damu taratibu. Akiwa na wiki tano, tumerudi Tabora, nilifurahi kwamba amekuwa mtulivu, analala sana. Mama mkwe ndiye aliyemfunua mdomo akaniita: "Mkwe, njoo uone ufizi wa huyu." Hb 6.5. Aliongezewa damu siku hiyo. Mtoto wa namna hii apimwe wingi wa damu kila wiki moja au mbili mpaka atimize miezi mitatu, hata kama anaonekana mzima. Na apimwe masikio, kwa sababu bilirubini ikipanda sana hugusa usikivu. Mihayo anasikia. Ana miaka yake ya kukimbia sasa, na mama mkwe hamruhusu apite kwenye jua bila kofia.

Nimesoma habari za mzee mmoja wa Australia, James Harrison. Akiwa na miaka 14 alipasuliwa kifua akaishi kwa damu ya watu asiowajua. Alipofika 18 akaanza kuchangia naye, na ikagundulika damu yake ina anti-D nyingi, wale askari wa kutengenezea sindano niliyoitaja. Alichangia plazma, yaani maji ya damu, mara 1,173 mpaka alipofika miaka 81. Sindano hiyo ambayo ulimwengu uliipata mwaka 1968 haitengenezwi kwa miti, kwa sehemu kubwa inatoka mikononi mwa watu. Alifariki Februari 2025. Siku niliposoma hilo nilisimamisha cherehani nikamwombea.

Mdogo wangu wa kike alipata ujauzito wake wa kwanza mwaka jana. Nilikwenda naye kliniki mwenyewe. Nikamwambia nesi, huyu ni O hasi, hajawahi kuharibu mimba, tunaomba Coombs. Ikatoka hasi. Wiki ya 28 akachomwa. Sindano ya pili tuliiagiza mapema, ikaletwa kwenye kibebeo chenye barafu, na nilikagua barafu kwa mkono wangu. Alijifungua Alhamisi saa 2 usiku. Niliandika saa hiyo kwenye kadi yake kwa kalamu nyekundu. Maabara wakapima damu ya kitovu: mtoto O chanya. Ijumaa saa 4 asubuhi nesi alimwambia ageuke upande, akafuta paja kwa pamba, na mdogo wangu akanishika mkono akaniuliza kama inauma.

Nikamwambia, inauma kidogo tu.